Kuhusu hicho chama cha tatu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na imeninyima usingizi. Unasema Wamarekani wamechoshwa na Republican na Democratic kwa pamoja, kwa hiyo chama kipya kikipata pesa na mgombea mwenye jina, kimojawapo kitazikwa. Kuzikwa kinaweza. Pesa na jina peke yake havitoshi.

Ross Perot alikuwa navyo vyote viwili. Mwaka 1992 bilionea huyo wa Texas alipata karibu asilimia 19 ya kura za wananchi. Kura za wajumbe, ambazo ndizo zinazompa mtu urais, hakuambulia hata moja, kwa kuwa wafuasi wake walitawanyika nchi nzima na hakuna jimbo aliloongoza. Uingereza nako, mwaka 1983, muungano wa vyama vya Liberal na SDP ulipata asilimia 25 ya kura na chama cha Labour kama 28. Labour wakaondoka na viti 209 vya bunge, muungano 23! Nikiwafikiria wapiga kura wale wote naumia kweli.

Sasa tazama Whig, chama kikubwa cha Marekani cha karne ya 19, walivyokufa. Kilichowaua ni utumwa. Sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854 iliporuhusu maeneo mapya yajiamulie kuhusu utumwa, Whig wa kaskazini na wa kusini hawakuweza tena kukaa chama kimoja. Wengi wa kaskazini wakahamia Republican, chama kilichozaliwa mwaka huo huo, wakakutana huko na Democratic waliokuwa na hasira kama zao. Lincoln mwenyewe aliwahi kuwa mbunge wa Whig. Yaani chama kilikuwa kipya, lakini watu wake walikuwa wazoefu, na kila mmoja alikuja na wafuasi wa kwao.

Chama cha Know Nothing nacho kilikuwa kipya wakati huo, kikipinga wahamiaji. Mwaka 1856 walimsimamisha Fillmore, rais mstaafu, akapata zaidi ya asilimia 21 na kuongoza Maryland tu. Frémont wa Republican alishindwa pia, ila aliongoza majimbo 11, yote ya kaskazini. Miaka minne baadaye Lincoln akaingia Ikulu kwa kura zisizofika asilimia 40, kwa sababu zilikusanyika mahali palipohitajika.

Kinachonitia shaka kuhusu leo ni kura za mchujo, ambapo wapiga kura ndio wanaomchagua mgombea wa chama. Mwenye hasira hana haja ya kuhama. Anagombea humo humo ndani na kukigeuza chama, kama Trump alivyofanya mwaka 2016. Jina linabaki, watu na sera vinabadilika.

Kwa hiyo hicho chama chako usikipime kwa umati wa mikutano. Niambie ni wabunge na madiwani gani walio madarakani wamekihamia, wanatoka majimbo gani, na ni jambo gani lililowafanya washindwe kabisa kubaki walikokuwa. Nasubiri jibu lako kwa hamu.

Wako wa siku zote.