Tusiwasute wanandoa kwa uzito wao

Mhariri,

Huku Lamu, bwana harusi akiota kitambi husifiwa kwamba ndoa imemkubali. Bibi harusi akikonda, mumewe husutwa kwamba anamtesa. Maneno haya huwachelewesha watu kwenda kupimwa, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Aghalabu uzito wa baada ya harusi huanzia jikoni. Mke huonja mchuzi, hula mahamri na watoto magharibi, kisha humngoja mumewe arudi baada ya isha ili asile peke yake. Hapo keshakula mara mbili. Na wakila sinia moja, mwanamke wa kilo 55 hujikuta anakula sawa na mwanamume wa kilo 80, maana hakuna ajuaye fungu lake limeishia wapi. Pakueni sahani mbili. Anayengoja na anywe chai isiyo na sukari, na hamri lisubiri asubuhi.

Nazi hatuwezi kuiacha, wala sisemi tuiache. Lakini nyama ya nazi moja iliyokomaa ina kalori 1,400 hivi, na sehemu kubwa ya mafuta yake hutoka na tui la kwanza. Wali upikwe kwa tui la pili. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, itiwe kidogo, mwishoni, kwenye mchuzi wa samaki. Mafuta ya kupikia nayo yapimwe kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, na anayemimina moja kwa moja kutoka mtungini hutia vitatu au vinne bila kujua.

Linaloharibu zaidi ni mmoja kujinyima peke yake ilhali sufuria ni ile ile. Utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa 2007 baada ya kufuatilia watu kwa miaka 32, ulionyesha kwamba mmoja wa wanandoa akinenepa kupita kiasi, uwezekano wa mwenzake kunenepa vivyo hivyo uliongezeka kwa asilimia 37. Basi pimaneni wote wawili: tepu ya fundi cherehani ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akishatoa pumzi, bila kubana tumbo. Mwanamke akizidi sentimita 80, au mwanamume 94, hatari ya kisukari na shinikizo la damu imeanza kupanda.

Wake watakaotumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu wajipime kabla ya kuanza. Uzito ukipanda zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita, yaani kilo 3 kwa mwenye kilo 60, warudi kliniki waelezwe njia nyingine. Wasiikatize kimyakimya, mimba inaweza kuja kabla ya kilo kupungua.

Talaka na ujane navyo hugusa mwili. Mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi huenda akapoteza hamu ya kula. Mwingine hukaa ndani bila kutembea, akanenepa. Mwanamume aliyeachana na mkewe huishia kula viazi vya karai na chai ya barabarani. Ndugu wapeleke samaki na mboga, si mkate na soda. Na yeyote aliyepungua asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, apimwe sukari, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi kabla jirani hajataja husuda.

Afisa wa lishe,
Lamu