Babu, sote wawili tulisema kweli

Heidelberg, Ujerumani
18 Januari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na Bibi na wote waliomo nyumbani. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi tu. Theluji imelala juu ya mapaa siku ya nne leo. Mdogo wangu, msomee Babu polepole, na ukifika penye namba usiziruke, maana safari hii namba ndiyo habari yenyewe.

Naandika kwa sababu ya ule ubishi wetu wa simu kuhusu Kilimia, kile kishada cha nyota. Nilikuwa nimesimama uani, saa mbili u nusu usiku kwa huku, nikakwambia, "Babu, nakiona Kilimia, kiko kusini, juu sana." Ukanijibu kwa ile sauti yako ya jahazini: "Kusini? Kilimia kiko kaskazini, tena kimeshaanza kuinamia magharibi. Hiyo uliyoiona ni nyota nyingine." Salio likaniishia kabla sijajibu. Babu, Kilimia nimekijua tangu unanibeba begani pwani ya Pangani. Sikulala vizuri usiku ule.

Nimeuliza, nimesoma, nimepima kwa mkono wangu. Sote wawili tulisema kweli.

Kumbe kusema "kusini" au "juu sana" ni kusema habari za mahali uliposimama zaidi kuliko habari za nyota. Wanafalaki nao hupima hivyo: kimo cha nyota kutoka upeo wa macho, na upande wake kuanzia kaskazini. Lakini namba hizo ni za mtu mmoja, mahali pamoja, kwa dakika ile tu. Nyota ikisogea zimeharibika. Ndiyo maana wakaipa kila nyota namba mbili nyingine, zinazofaa Pangani na Heidelberg vilevile.

Ya kwanza ni hivi. Chukua ikweta ya dunia, ivute mpaka mbinguni, iwe kama mkanda umeuzunguka uwingu wote. Kisha hesabu digrii kutoka kwenye mkanda huo kwenda kaskazini au kusini. Kilimia kiko digrii 24 kaskazini. Pangani iko digrii 5 na nusu kusini ya ikweta. Jumlisha: kikifika juu kabisa, Kilimia kiko digrii 29 na nusu kutoka utosini mwako, upande wa kaskazini. Mimi niko digrii 49 na kitu kaskazini. Toa 24: kwangu kiko digrii 25 kutoka utosini, upande wa kusini. Kinapita katikati yetu, Babu! Mimi nimekipita, wewe hujakifikia, basi lazima tukitazame kwa kuelekeana.

Nawe ulikwisha kulijua jambo hili kabla yangu. Si ulinisimulia kwamba mlipokwenda na kusi mpaka Maskati, usiku mlilala juu ya shehena na Kilimia kikawa utosini? Maskati iko digrii 23 na nusu hivi kaskazini. Ulilala chini yake hasa.

Namba ya pili huhesabiwa kwa saa, na hii ndiyo iliyonipendeza zaidi. Mbingu hukamilisha mzunguko kwa karibu saa 24, hivyo kila saa moja ni digrii 15. Mwanzo wa hesabu ni pale jua linapoukata ule mkanda mwezi Machi likienda kaskazini. Kilimia kiko saa 3 na dakika 47 kutoka hapo. Zamani mpimaji alikuwa na darubini isiyogeuka kushoto wala kulia, inapanda na kushuka tu kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Ndani ya kioo chake mlivutwa nyuzi nyembamba, mara nyingi za utando wa buibui kwa kuwa ni nyembamba mno. Yeye alitulia akasikiliza saa ya ukutani, akangoja nyota ipite kwenye uzi. Wakati wa kupita ulimpa namba moja, kimo cha darubini kikampa ya pili.

Kwa hiyo hata ule mwinamo wa kwenda magharibi uliouona ulikuwa sawa. Kati ya Pangani na hapa pana digrii 30 za kwenda magharibi, yaani saa mbili. Kwako Kilimia kilikuwa kimeshapita kilele saa mbili nzima. Kwangu ndiyo kwanza kimefika.

Mimi nami nimetengeneza kipimo. Nimechukua kipimapembe cha plastiki, nikafunga uzi katikati yake, mwisho wa uzi nikaning'iniza nati nzito iwe timazi kama ya waashi. Juu nimebandika mrija wa soda wa kuchungulia. Usiku wa jana nililenga Nyota ya Jaa, ile ya kaskazini, vidole vimekufa ganzi, nati inayumba kwa upepo. Mara ya kwanza nikapata 50, ya pili 48, ya tatu 49. Kimo cha Jaa ni karibu sawa na digrii za mahali ulipo kaskazini ya ikweta, na mji huu uko digrii 49. Nilipiga kelele peke yangu uani mpaka jirani akafungua dirisha.

Ninyi Pangani Jaa hamwioni, imezama chini ya upeo wa macho. Lakini manahodha wa zamani wa bahari yetu waliokwenda Uarabuni waliipima ikipanda siku hata siku, kwa kibao chenye uzi wa mafundo. Kipimo chao kiliitwa isba, yaani kidole. Duara zima lilikuwa isba 224, hivyo isba moja ni digrii 1 na dakika 36, digrii moja ikiwa na dakika 60. Nahodha Ahmad ibn Majid wa Julfar, huko Uarabuni, alizihesabu nyota hivyo katika karne ya 15. Nilipolisoma hilo nilikuona wewe, umenyoosha mkono juu ya bahari ukipanga vidole.

Jambo moja limeniuma. Suheli, ile nyota yetu ya kusini, haipo huku. Iko karibu digrii 53 kusini ya ule mkanda, na hapa hata ikifika juu kabisa inabaki digrii 12 chini ya ardhi. Naweza kukaa mji huu miaka 40 nisiione hata usiku mmoja.

Nikwambie na hili, maana utalifurahia: wakubwa nao wamebishana kuhusu Kilimia kama sisi. Wao waligombania umbali. Nyota hupimwa umbali kwa kutazamwa Januari na tena Julai, dunia ikiwa imehamia upande wa pili wa jua. Nyota ya karibu huonekana imejongea kidogo, kama kidole gumba ukikitazama kwa jicho moja kisha la pili. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Hipparcos, iliyorushwa mwaka 1989, ilipima nyota zaidi ya 118,000, na kwa Kilimia ikatoa miaka ya nuru 390 hivi, mwaka wa nuru ukiwa umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Waliopima kwa njia nyingine wakasema hapana, ni zaidi ya 430. Ubishi ulianza 1997 ukaenda karibu miaka 20. Mwaka 2014 darubini za redio zilizotawanywa mbalimbali duniani zikatoa 440 na kitu, kisha setilaiti ya Gaia ikaja na jibu hilohilo. Gaia ilirushwa Desemba 2013, ikaacha kutazama Januari 2025, na orodha yake ina nyota kama bilioni 1.8. Usahihi wake ni kama kusimama Pangani ukapima unene wa unywele ulioko karibu na Bujumbura. Katika mji huu iko taasisi ya hesabu za nyota, Astronomisches Rechen-Institut, iliyohamia kutoka Berlin mwaka 1945, ambayo watu wake wamefanya kazi hiyo. Nikipita mbele yake sasa natembea taratibu.

Mdogo wangu, nakuomba utengeneze kipimo kama changu. Jumamosi hii, saa mbili u nusu ya huko, mtoe Babu nje, mwekee kiti, mpime kimo cha Kilimia kutoka upeo wa macho. Nakisia mtapata 60. Mimi nitatoka saa mbili u nusu ya huku, saa mbili baada yenu, nipime changu. Kisha mgeukie kusini mpime Suheli inapokuwa juu kabisa, kama saa tano usiku, mniandikie namba yake.

Mjukuu wako