Barua kwa mwanangu Bakari, kabla hujalipia ile dizeli

Mwanangu Bakari,

Assalaam alaykum. Mimi mamako ni mzima hapa Muheza, mgongo tu ndio unanisumbua asubuhi, lakini kazi naifanya. Picha za yale magari mawili unayotaka kuchagua moja ununue, pikapu ya dizeli na Noah ya petroli, nimezitazama sana. Juzi usiku nilivaa miwani, nikamwita mtoto wa jirani anikuzie picha ya dashibodi mpaka nikazisoma kilomita zake. Uliponiuliza kwa simu, "Mama, dizeli au petroli?" nilikwambia ngoja, maana jambo la mamilioni halisemwi huku salio linakatika. Ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na lile ambalo hukulisema. Unaitaka pikapu ya dizeli kwa sababu ya babako, Mungu amrehemu. Nakujua, nimekuzaa. Ulikuwa ukisikia kenta yake, lile lori dogo la mizigo, inaguruma kwenye kona ya Barabara ya 8, unaacha sahani ya wali unakimbilia mlangoni. Hata mimi leo nikisikia mlio ule njiani, moyo unanishtuka na ninageuka kutazama. Kwa hiyo usidhani nakuzuia kwa kutoijua dizeli. Miaka kumi na nne nimekaa kiti cha pembeni, na daftari la mafuta niliandika mimi: tarehe, kilomita, lita, bei, mzigo uliokuwemo. Nimelitoa sandukuni, liko mbele yangu sasa hivi.

Babako alinieleza dizeli kwa pampu ya baiskeli. Aliniambia niizibe tundu kwa kidole, nisukume. Nikasukuma mara kadhaa, akaniambia nishike kule chini: moto! Hewa ikibanwa hupata joto, na siri ya dizeli ni hiyo. Injini ya petroli hubana hewa na mafuta pamoja kufikia kama sehemu moja ya kumi, kisha plagi hupiga cheche. Ya dizeli hubana hewa peke yake, mpaka sehemu moja ya 16 hata ya 20, joto linapita nyuzi 500, na mafuta yakipulizwa humo yanajiwasha yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel alifaulu kuiendesha injini ya namna hiyo mwaka 1897 kule Augsburg. Kwa mbano huo chuma chake lazima kiwe kinene, na kwa mbano huohuo injini inatumia mafuta kidogo. Tena lita ya dizeli yenyewe imebeba nguvu kuliko lita ya petroli.

Na mlimani, mwanangu, dizeli ni dizeli. Tulipokuwa tunapanda njia ya Amani, barabara ina matope na kona, nyuma tumejaza mzigo, babako alikuwa akitia gia ya pili na kuiacha. Injini inazunguka taratibu kama jiwe la kusagia, gari linapanda. Mwenzetu mmoja alikuwa na pikapu ya petroli, amebeba nusu ya mzigo wetu, na bado alikuwa akikanyaga mpaka injini inalia ndipo isogee. Dizeli inavuta vizuri tangu mizunguko 1,500 au 2,000 kwa dakika. Petroli nguvu zake ziko juu zaidi, mpaka uzifuate.

Kama kazi yako ingekuwa kupanda Amani, barua hii ingeishia hapo. Lakini kazi yako si hiyo.

Kwanza liondoe kichwani lile la kwamba dizeli ni rahisi sheli. EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Tanga tuna bei zetu kwa mafuta yanayoshushwa kwenye bandari yetu. Zifuate miezi michache utaona petroli na dizeli zinavyopishana, mwezi huu hii iko juu, mwezi ule ile. Faida ya dizeli haiko kwenye bei ya lita, iko kwenye idadi ya lita unazochoma. Sasa piga hesabu nami. Tuseme lita ni shilingi 3,000 kwa zote mbili, kichwa kisituume. Gari la petroli linakwenda kilomita 8 kwa lita, la dizeli 12. Wewe unatoka Mikanjuni kwenda kazini bandarini, unampeleka Salha shule, sokoni, mara mojamoja unakuja kuniona. Hata kilomita 800 kwa mwezi hazifiki, lakini tuseme 800. Petroli utachoma lita 100, dizeli lita 67. Umeokoa lita 33, kama shilingi laki moja. Na ile pikapu wanataka milioni tano zaidi ya Noah. Milioni tano kwa laki moja kila mwezi ni miezi 50. Miaka minne na zaidi kabla hujaanza kuona faida, na hapo hujanunua hata filta.

Babako alikuwa anakwenda kilomita 4,000 kwa mwezi. Kwa hesabu ileile anaokoa lita 167, laki tano kila mwezi, tofauti ya bei inarudi kwa miezi kumi. Dizeli ilitulisha kwa sababu haikulala. Nimehesabu mara tatu kwenye karatasi pembeni, nawe hesabu tena kwa bei ya mwezi huu.

Kuna jambo jingine linanitia hofu zaidi ya hela. Pikapu ile si kenta ya babako. Ni dizeli ya kisasa, ina DPF, chujio la masizi kwenye ekzosi. Masizi yakijaa humo lazima yachomwe, na huchomwa kwa joto la nyuzi kama 600, ambalo injini hulipata ikienda barabara ndefu bila kusimama. Ungekuwa unakwenda Segera na kurudi kila siku, sawa. Lakini safari zako ni za dakika kumi, kumi na tano. Injini haijapata joto sawasawa, umeshaizima mbele ya geti. Chujio litaziba, taa itawaka, gari litapoteza nguvu, halafu fundi atakwambia tulitoe tu tutupe, uanze kuwafukizia watoto wa mtaa wako moshi mweusi. Sitaki.

Na mafuta machafu. Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki ile safari ya 2009 tulipolala njiani kati ya Muheza na Segera. Tulijaza mafuta sheli moja jioni, hatukufika mbali, kenta ikaanza kukohoa, ikazima. Machungwa ya watu nyuma, mbu, giza. Asubuhi fundi alifungua pampu ya dizeli, akanionyesha chuma chake cha ndani kwa mwanga wa jua: kimekwaruzwa mistari mistari kama kimepitishwa msasa. Yalikuwa yamechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Siku zile ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa mdogo, wakayachanganya kwa tamaa, mpaka serikali ilipoupandisha mwaka 2011. Mafuta ya taa ni mepesi, na pampu ile inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mzigo ulioza nusu, tukalipa.

Tangu siku ile nilikuwa natembea na chupa ya kioo. Nachota dizeli kidogo, naiacha itulie, kisha naiinua kwenye mwanga. Kama ina maji, yanashuka chini, unaona mstari kabisa. Huku pwani unyevu unaingia hata kwenye tangi, kwa hiyo chini ya filta babako alikuwa anafungua kijikoki kumwaga maji. Kenta ilivumilia. Za siku hizi hazivumilii. Tairi la gari dogo lina upepo wa bar 2 na kidogo, lakini nozeli za dizeli ya kisasa hupuliza mafuta kwa bar 2,000 kupitia vitundu ambavyo jicho halivioni vizuri. Tone la maji au uchafu hapo ni nozeli nne na pampu. Noah likisumbua, mara nyingi ni plagi, koili, filta, na fundi wa pale Makorora anamaliza kabla ya adhuhuri.

Najua utanijibu habari ya msimu wa machungwa, kwamba unataka kufanya biashara. Fanya. Lakini msimu mmoja au miwili kodi kenta ya mtu kwa safari, ujue kama wateja wapo. Siku ukiniambia, "Mama, natembea kilomita elfu tatu kwa mwezi na mzigo upo," nitauza kile kiwanja cha Pongwe nikuongezee, tukanunue dizeli pamoja. Naomba uniamini kwa hilo.

Kwa hiyo chukua Noah, kama ni zima. Na uzima wake hatuupimi kwa picha. Usitoe arubuni. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto huenda wameiwasha kuficha jambo, rudi siku nyingine. Ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha oili utazame upande wa ndani: ukiona utando kama chai ya maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili, labda gasketi ya hedi imekufa, ondoka. Iwashwe sasa, simama nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Halafu kifungue tena kifuniko injini ikiwa inazunguka taratibu, na kama moshi unatoka humo kwa kupiga, puf, puf, silinda zimechoka.

Jumamosi nitapanda gari la saa 12 asubuhi, nitashuka Kange, unipokee. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla sijafika. Mkeo asihangaike na chai, nitakunywa huku. Daftari nitakuletea pia, kurasa za nyuma ziko tupu.

Mamako