Mkiagiza katuni za mafunzo, agizeni na majaribio

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wenye viwanda, karakana na kampuni za ujenzi. Siku hizi wengi wanataka wachorewe katuni za usalama kazini, na hilo ni jema. Tatizo ni kile kinachoagizwa: mwongozo wa kurasa 40 uliotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na pembeni jamaa mwenye kofia ngumu ametabasamu, dole gumba juu. Huyo hafundishi kitu. Mfute, uone kama somo litapungua.

Chukua kazi ya kubadilisha diski ya grinda, ile mashine ya mkono ya kukatia na kusagia chuma. Katika katuni ni visanduku sita, kila kimoja na tendo lake. Plagi imechomolewa, iko chini, mbali na soketi. Diski ya zamani imesimama kabisa. Kidole kimebonyeza kitufe cha kufunga shafti, spana ya pini mbili inalegeza nati. Diski mpya imeshikwa kando ya mashine, namba zake zinasomeka. Gadi, yaani kinga ya diski, imerudi mahali pake, kati ya diski na fundi. Mwisho, miwani usoni, grinda inazungushwa tupu kwa nusu dakika ikiwa imeelekezwa pasipo mtu.

Kisanduku cha nne ndicho cha kugharamia. Diski ya milimita 115 kwa kawaida huandikwa kikomo cha mizunguko 13,300 kwa dakika; ya milimita 230 huandikwa kama 6,600. Grinda ndogo huzunguka kama 11,000. Fundi akifungua gadi ili diski kubwa ipate kuingia, anaikimbiza zaidi ya mara moja na nusu ya uwezo wake, nayo huweza kupasuka vipande vipande, na hakuna tena cha kuvizuia visimfikie usoni. Onyo hilo limo kwenye miongozo, ila limezikwa kwenye aya. Lichore: 11,000 kwenye mashine, 6,600 kwenye diski, namba kubwa, ubavu kwa ubavu.

Halafu kuna suala la mchoro unatazamwa kutoka wapi. Wahandisi hupenda mashine ichorwe kwa ubavuni, kama kwenye katalogi. Fundi haioni hivyo. Anaiona kwa juu, mikono yake mwenyewe ikiwa mbele. Mchoreeni anachokiona. Jeshi la Marekani lilipoanzisha jarida la kila mwezi la matunzo ya magari na silaha mwaka 1951, kazi ya kuchora lilimpa Will Eisner, mchora katuni, si mhandisi.

Makosa mengine ni madogo lakini yanaua somo. Duara la kukuzia linaloonyesha mkono peke yake, mtu asiyezoea katuni huona mkono uliokatwa. Onyesheni kwanza mwili mzima, kisha mkono. Alama nyekundu ya X ikipita juu ya vidole huficha lile kosa lenyewe, na karatasi ikitolewa kopi nyeusi na nyeupe (itatolewa tu, hata mkikataza) nyekundu inageuka kivuli. Maana isitegemee rangi. Wekeni namba kubwa kwenye kila kisanduku, maana pwani wapo watu wazima ambao kusoma kwao kulianza chuoni, kwa Kiarabu, na jicho lao huanzia kulia.

Maneno yaandikwe kabla kiputo cha kuyabeba hakijachorwa. Kiputo kilichopimwa kwa Kiingereza hakitoshi Kiswahili, ndipo herufi zinapobanwa hadi hazisomeki. Maneno 12 kwa kiputo yanatosha, na yawe ya karakana: kama mafundi wanasema gadi, andikeni gadi. Msiwaletee msamiati wa semina.

Katuni ina mipaka yake pia. Gesi isiyo na rangi wala harufu haichoreki bila kudanganya, na kipimo cha kuchanganya kemikali lazima kiandikwe kwa tarakimu.

Sasa majaribio, ambayo karibu kila mteja huyaruka. Yafanyike mchoro ukiwa bado wa penseli, kwa sababu kurekebisha uliokwisha kutiwa rangi ni kulipa mara mbili. Tafuteni wafanyakazi watano ambao hawakushiriki kuuandaa, mmoja mmoja, pasipo msimamizi. Funikeni maneno, muulizeni, "Huyu anafanya nini?" Msimuulize kama ameelewa, atasema ndiyo ili asikuvunje moyo. Kisha mpeni grinda isiyo na umeme, afuate mchoro. Wawili wakikwama pale pale, kisanduku hicho kichorwe upya.

Kwa hiyo agizo liandikwe hivi: nusu ya malipo mchoraji anapoanza, nusu baada ya majaribio. Na karatasi hiyo ifanyiwe laminesheni, itundikwe usawa wa macho penye meza ya grinda. Mara nyingi hukutwa kwenye faili la ofisini.

Mchoraji wa vielelezo vya mafunzo,
Temeke, Dar es Salaam