TAARIFA YA MWENYEKITI KWA MKUTANO MKUU WA MWAKA

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Magari yetu mawili ya chama, Noah na IST, tunayoyatumia kwa zamu na kuyalipia kwa kilomita badala ya kila mtu kuwa na lake, yamefanyiwa sevisi kwa wakati, bima zimelipwa, matairi manne yamebadilishwa, daftari la zamu limehamia kwenye simu. Tuko wanachama 24. Mwaka huu tumetumia petroli lita 2,150. Hesabu kamili anayo mhazini.

Nije kwenye jambo lililotugawa. Mwezi Machi baadhi yenu mliomba magari, yakiwa hayana zamu, yaingizwe kwenye teksi za mtandaoni ili chama kipate kipato. Kamati ilikataa kwa kura 4 dhidi ya 1. Imesemwa kwamba mwenyekiti anakipenda cheo kuliko maendeleo. Nimeumia, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Namba zetu ni za njano, za magari binafsi. Kubeba abiria kwa malipo kunataka leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya biashara. Likitokea la kutokea, hasara ni yetu sote. Hilo peke yake lingetosha, lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Teksi ya mtandaoni haikai ikisubiri, inazunguka. Ikishusha abiria Kariakoo inatafuta mwingine, na njia nzima hiyo inachoma mafuta bila mtu ndani. Gari la chama linapumzika hadi mwenzetu alihitaji kweli. Na siku mwanachama mwenye mgonjwa atakapoambiwa IST iko Tegeta na abiria, wiki ijayo atanunua gari lake mwenyewe, na tutakuwa tumerudi tulikotoka.

Tulikotoka nakukumbuka vizuri, maana mimi ndiye wa kwanza kati yetu kuuza gari lake mwenyewe. Kutoka Mbezi Mwisho hadi Posta na kurudi, na foleni ile, lilikuwa likila lita 5 kwa siku, nikiwa peke yangu. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa hiyo nilikuwa naacha kilo 11 na nusu hewani kila siku ya kazi. Baada yangu wenzetu watano wameuza yao. Siku hizi wengi wetu tunapanda mwendokasi asubuhi, na gari tunalichukua kwa msiba, mizigo au safari ya shamba. Anayelipa kwa kila kilomita hujiuliza kwanza kama safari ni ya lazima. Faida kubwa ya mpango huu iko hapo, na ndiyo ambayo kamati ililinda.

Wala hatukubuni sisi. Zürich walijaribu kumiliki magari kwa ushirika mwaka 1948. Huko huko Uswisi vyama viwili vilivyoanza 1987, vidogo kama chetu, viliungana 1997 vikawa Mobility, ambayo leo ina maelfu ya magari. Walikua kwa wanachama kulipa na kuhudhuria.

Na hapo ndipo penye uchungu. Mikutano miwili imeahirishwa kwa kukosa akidi. Tulihitaji watu 13, wa kwanza walikuja 9, wa pili 7, na wale waliolalamika zaidi kuhusu uamuzi wa Machi hawakuwemo. Wanachama 10 wanadaiwa ada, jumla shilingi 1,840,000. Mwezi Julai nilijaza mafuta kwa fedha yangu mara tatu ili zamu zisikatike. Sijadai hata senti, ila si haki wachache wabebe mzigo wa wote.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata gari la tatu, na huenda la umeme iwapo hali itaruhusu. Tutaangalia pia uwezekano wa kuwafikia majirani wa Kimara.

Wenye madeni wamwone mhazini leo kabla ya chakula.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti