Mechi ya moja bila si mechi kavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo linaloniuma kila mnapoandika habari za besiboli ya Marekani. Timu ikishinda bila kuruhusu pointi hata moja, habari yenu huwa mistari miwili: matokeo, kisha neno kwamba mechi ilikuwa kavu. Wasomaji wa soka wanamsifu kipa asiyefungwa kwa dakika 90, na mnampa picha kubwa. Sioni kwa nini mrushaji wa besiboli, yule anayewarushia wapigaji mpira, ambaye kila shambulio la wapinzani huanzia mkononi mwake, anyimwe haki hiyo.

Chukueni mechi ya 7 ya fainali ya mwaka 1991, iliyochezwa Minneapolis usiku wa tarehe 27 Oktoba kati ya Minnesota Twins na Atlanta Braves, timu mbili ambazo mwaka uliotangulia zote zilikuwa zimeburura mkia katika makundi yao. Minnesota walishinda moja bila. Mrushaji wao, Jack Morris, alikuwa na miaka 36, mzaliwa wa St. Paul, ng'ambo tu ya mto, na aliyesimama dhidi yake ni John Smoltz wa miaka 24, kijana aliyekulia Michigan akimhusudu Morris huyo huyo alipokuwa akiichezea Detroit.

Hadi kipindi cha nane hakuna aliyekuwa amefunga. Hapo Lonnie Smith wa Atlanta alikuwa kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mchezaji huvizunguka ili apate pointi, cha mwisho kikiitwa nyumbani. Akaanza kukimbia, na nyuma yake Terry Pendleton akaupiga mpira mbali hadi karibu na ukuta. Smith angefika nyumbani na kufunga, lakini alipokaribia kituo cha pili, walinzi wawili wa Minnesota walijifanya wanaudaka mpira pale pale. Akasita, akageuza kichwa huku na huku, na alipoanza tena kukimbia nafasi ilikuwa imepita, akaishia kituo cha tatu. Wengi walisema alihadaiwa. Mwenyewe alieleza kwamba hakuuona tu mpira ulikokwenda. Vyovyote iwavyo, Atlanta walikuwa na watu kituo cha pili na cha tatu bila mpigaji yeyote kutolewa (watatu wakitolewa, zamu ya timu huisha), na bado hawakupata kitu. Ron Gant alipiga mpira dhaifu chini, akatolewa. David Justice akapewa na Minnesota kituo cha kwanza kwa makusudi, bila kurushiwa mpira wa kupigika, vituo vikajaa. Sid Bream naye akaupiga chini hadi kwa Kent Hrbek, mlinzi wa Minnesota kwenye kituo cha kwanza, aliyeurusha nyumbani kumtoa Smith, kisha akarudishiwa na kumtoa Bream mwenyewe. Wawili kwa mpira mmoja! Sijui ni bao gani linaloweza kumsimamisha mtazamaji kuliko hilo lililozuiwa.

Baada ya vipindi tisa vya kawaida, bado bila bila, kocha Tom Kelly alitaka kumpumzisha Morris, naye akakataa kutoka. Akarusha cha kumi pia, na kufikisha mirusho 126. Ndipo Dan Gladden wa Minnesota akavunja gongo lake kwa pigo lililomfikisha kituo cha pili, mwenzake akamsogeza hadi cha tatu, na Gene Larkin, aliyeingizwa kupiga pigo hilo moja tu, akaupitisha mpira juu ya walinzi wa nje waliokuwa wamesogezwa karibu. Gladden akatembea nyumbani.

Katika mechi hiyo pointi ilichukua sekunde chache, na kazi ya kuwazuia Atlanta ilichukua usiku mzima. Mkiandika pointi peke yake, mnamwachia msomaji sehemu ndogo kabisa ya mchezo. Sidai kurasa nyingi, Ndugu Mhariri. Aya moja inatosha, itakayotaja mrushaji alidumu vipindi vingapi, walioshindwa walikaribia kufunga lini, na ni nani aliyewazuia.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Minneapolis, Marekani