Risala ya Vijana wa Kanisa, Kayole, kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu, mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wazazi wetu, vijana wenzetu: Bwana asifiwe!

Mwalimu, karibu Kayole, na pole kwa msongamano wa Barabara ya Jogoo. Tuko vijana 34. Wengi wetu tulimaliza kidato cha nne na bado hatuna kazi ya kudumu: tunafanya vibarua Gikomba, tunasuka nywele, tunabeba mizigo. Kila Jumamosi kila mmoja huweka shilingi 50 katika chama.

Mwaka jana chama hicho kilikuwa na shilingi 41,000. Akaja jamaa mwenye maneno matamu, akaahidi kuzizidisha maradufu kwa wiki sita. Tulipiga kura kwa kuinua mikono. Mlezi wetu, mama anayeuza sukuma wiki pale stejini, hakuinua wake. Aliuliza tu, "Hizo pesa zitakuwa zikifanya kazi gani?" Hatukuwa na jibu, na bado tukazituma kwa simu jioni ile ile. Wiki ya saba nambari ya jamaa ilikuwa haipatikani.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba wiki ile ile tuliyopiga kura tulikuwa tumesoma 1 Wafalme sura ya 3. Mungu anamtokea Sulemani usiku kule Gibeoni, anamwambia aombe atakalo, naye anaomba moyo wa adili, apate kupambanua mema na mabaya. Tuliitikia amina kwa sauti kubwa. Kisha tukaenda kutafuta dhahabu.

Tangu hapo tumekisoma kitabu hicho polepole. Sulemani alitengeneza ngao ndogo 300 za dhahabu, na mwanawe Rehoboamu akazirithi. Lakini watu walipomwomba Rehoboamu awapunguzie mzigo, aliacha shauri la wazee waliomtumikia baba yake, akafuata la vijana aliokua nao. Makabila kumi yakamwacha. Mwaka wa 5 wa utawala wake Shishaki, mfalme wa Misri, akaja Yerusalemu akazichukua ngao zote. Rehoboamu akatengeneza nyingine za shaba. Kila alipokwenda nyumbani kwa Bwana, walinzi walizibeba, kisha wakazirudisha chumbani mwao.

Picha hiyo haitutoki, Mwalimu, kwa sababu tunaijua. Tumewahi kukopa ili tuvae vizuri siku ya harusi ya mwenzetu, tukarudi nyumbani kusikosalia unga. Rehoboamu aliachiwa kila kitu na baba yake isipokuwa kile ambacho baba yake alikiomba. Hicho hakirithiwi. Yakobo anasema aliyepungukiwa na hekima amwombe Mungu, naye atapewa bila kukemewa. Sisi tuliopoteza pesa za watu 34 tunalishika sana hilo neno la kutokukemewa.

Hatudharau pesa. Mwenye nyumba hapokei mistari ya Biblia mwisho wa mwezi. Hata Mhubiri 7:12 inakubali kwamba fedha ni ulinzi, ila inaongeza kuwa hekima humhifadhi aliye nayo.

Tulianza upya wiki 11 zilizopita. Hakuna aliyekosa kuchanga, na daftari linaonyesha shilingi 18,700. Mama wa sukuma wiki ndiye aliyetufundisha kuliandika: kilichoingia, kilichotoka, nani alishuhudia. Jambo lolote la pesa sasa hulala wiki nzima kabla ya kupigiwa kura, na swali la mama huyo huulizwa kwanza. Baadhi yetu hushuka hadi maktaba ya Makadara kusoma.

Mwalimu, tunajua desturi: risala ikifika hapa, mgeni hujiandaa kufungua mkoba. Leo tunakuomba kitu kizito kuliko bahasha. Tupe Jumamosi mbili kila mwezi, saa nane hadi saa kumi. Tufundishe kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Tukae nawe tunapokata shauri, na utuambie waziwazi tunapokosea. Umelea watoto wa watu darasani kwa miaka mingi. Hatutaki kuwaacha wazee wetu kama Rehoboamu.

Ombi la pili ni vitabu, hata vilivyochakaa. Mwenzetu fundi ametengeneza kabati kwa mbao za mabaki. Liko hapo karibu na mlango, Mwalimu. Rafu nne, na bado ni tupu.

Asante sana. Ni sisi vijana wako,
Katibu, kwa niaba ya wenzake.